Harufu ya Chai Yatoka Wapi? Habari za Linaloli

Mtu afikaye Mogogosiek, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, wakati kiwanda cha chai kinapofanya kazi, hupokewa na harufu kabla hajapokewa na mwenyeji. Si harufu ya majani mabichi, wala si ya moshi wa kuni peke yake. Ni harufu tamu, kama ya maua na matunda yaliyoiva yaliyowekwa pamoja, nayo husikika zaidi usiku na alfajiri, hewa inapokuwa tulivu. Wenyeji wameizoea hata hawaisikii tena, kama mvuvi asivyoisikia harufu ya bahari. Lakini mpe mtoto wa hapo jani moja lililochumwa sasa hivi, alinuse. Atakuambia kwamba linanuka majani tu, basi. Hakuna ua ndani yake wala tunda. Je, ile harufu tamu ilikuwa wapi?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la watoto, lakini jibu lake lina fedha ndani yake, nalo lamhusu kila mwenye shamba la chai, hata yule mwenye vishina mia chache nyuma ya nyumba.

Katika harufu ya chai wataalamu wamekwisha kutambua kemikali mamia kadhaa. Nyingi ni kidogo mno, na pua ya mtu haizijali. Chache ndizo zenye nguvu, na mojawapo ya hizo ni hii iitwayo linaloli. Jina lake limetoka Meksiko, kwa mti uitwao linaloe, ambao mafuta ya ubao wake yalikuwa yakipelekwa Ulaya kutengenezewa manukato.

Linaloli ni kitu cha majimaji kisicho na rangi, chepesi kuliko maji. Hakichanganyiki vema na maji, bali huchanganyika upesi na mafuta na spiriti. Chembe yake moja ina atomu 10 za kaboni, 18 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Huchemka kwenye joto la karibu digrii 198 za Sentigredi, lakini haingoji kuchemka ndipo itoke. Hutoka kidogo kidogo ikaenda hewani hata wakati wa baridi, na kwa sababu hiyo pua huipata. Nayo pua ya binadamu ni hodari sana kwa kazi hii: gramu chache tu za linaloli katika tani 1,000 za maji zatosha kwa mtu mwenye pua nzuri kutambua kwamba maji hayo yana kitu. Ni vema iwe hivyo, maana katika kilo nzima ya chai iliyokaushwa, vitu vyote vya harufu vikikusanywa pamoja havifiki hata gramu 1.

Wala chai si mmea wa pekee wenye linaloli. Mafuta ya mbegu za giligilani, ile ambayo wengi huiita dania, zaidi ya nusu yake ni linaloli. Imo kwa wingi katika lavenda, imo katika asumini, na imo katika aina nyingi za mrehani. Basi bibi wa Lamu au wa Mombasa anapovaa kikuba chake cha asumini na mrehani kwenda arusini, na mama wa Konoin anapomimina chai ya saa kumi, wawili hao, pasipo kujua, wanasikia kitu kile kile. Jambo la ajabu ni kwamba linaloli ina maumbo mawili, ambayo ni kama mkono wa kuume na mkono wa kushoto: vidole ni vile vile, mpango ni ule ule, lakini huwezi kuuweka mmoja mahali pa mwingine. Umbo moja ndilo hasa la lavenda, na la pili ndilo hasa la giligilani, na pua yatambua tofauti kidogo kati yake.

Watengenezaji wa sabuni, poda na manukato waliipenda kemikali hii tangu zamani. Kwa ajili yake misitu ya Brazili ilikatwa mti wenye ubao wa harufu nzuri hata mti huo ukawa adimu, na mwaka 2010 biashara yake kati ya nchi na nchi iliwekwa chini ya ulinzi wa mapatano ya dunia. Siku hizi linaloli nyingi hutengenezwa viwandani, kwa mafuta ya utomvu wa misonobari au kwa vitu vitokanavyo na petroli, na sehemu kubwa yake hata haiendi katika manukato, bali hutumiwa kutengenezea vitamini A na E. Tazama karatasi ya sabuni yako ya kuogea: mara nyingi, katika maandishi madogo ya nyuma, utaliona neno Linalool. Halikuwekwa hapo kwa kujisifu. Linaloli ikikaa muda mrefu hewani hugeuka kidogo, na ikigeuka yaweza kuwasha ngozi za watu wengine. Kwa hiyo tangu mwaka 2005 sheria za nchi za Umoja wa Ulaya zinataka jina lake liandikwe kwenye vipodozi ikizidi kipimo fulani, ili mwenye ngozi nyepesi ajihadhari.

Na turudi sasa kwenye jani la Mogogosiek.

Ndani ya jani bichi sehemu kubwa ya linaloli imefungwa. Imeshikamanishwa na sukari, kama mfungwa aliyetiwa pingu pamoja na askari mnene. Sukari ni nzito, haiwezi kuruka hewani, na linaloli iliyoshikwa nayo haina harufu hata kidogo. Ufunguo wa pingu hiyo nao umo mumo humo ndani ya jani. Ufunguo huo ni kimeng'enya. Neno hili si jepesi kwa mfasiri wala kwa msomaji, basi nitalieleza kwa mfano. Tafuna kipande cha ugali bila kukimeza, ukae nacho kinywani kwa kitambo. Utasikia utamu unakuja. Sukari hiyo haikuwamo katika ugali: katika mate yako kimo kitu kinachovunja wanga na kuufanya sukari, nacho chenyewe hakiishi kwa kazi hiyo. Kitu cha namna hiyo, kilichotengenezwa na kiumbe chenye uhai kwa ajili ya kuvunja au kuunganisha vitu vingine, ndicho kimeng'enya.

Mtu atauliza, ikiwa mfungwa na ufunguo wote wamo katika jani moja, mbona harufu haitoki tangu shambani? Sababu ni kwamba jani limejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Linaloli yenye pingu imo katika maji yaliyo katikati ya chumba. Ufunguo umo ukutani. Maadamu jani ni zima, viwili hivyo havikutani. Jani likipondwa, kuta zinavunjika, maji yanamwagika, ufunguo unaipata kufuli, na harufu inafunguliwa. Mambo haya yalichunguzwa hasa na wataalamu wa Japani katika miaka ya 1990, ijapokuwa watengenezaji wa chai wa China walikuwa wakiutumia ufunguo huo kwa karne nyingi bila kujua kwamba upo.

Kazi yote ya kiwanda, ukiitazama kwa jicho hili, ni kazi ya kuufungua mlango kwa saa inayotakiwa. Kwanza majani hutandazwa juu ya mabirika marefu yenye wavu, na hewa ikapulizwa kutoka chini kwa saa nyingi, mara kwa mara usiku kucha. Hapo hunyauka, hupoteza sehemu ya maji yake, nayo maji ya ndani ya seli huwa mazito. Jani lililokatwa katika mti wake halifi mara moja. Ladha kwamba linasumbuka, na katika kusumbuka kwake huzidi kuandaa vitu vya harufu. Kisha hupitishwa katika mitambo yenye meno, inayoliponda, kulichana na kuliviringisha kwa muda mfupi. Ndipo kuta zote huvunjika. Majani yaliyokuwa ya kijani huanza kuwa mekundu kama shaba, na watu wa kiwanda husema kwamba chai inachachuka, ingawa kwa kweli hapana chachu inayofanya kazi kama katika pombe. Ni hewa tu na vimeng'enya vya jani lenyewe. Wakati huu ndipo harufu huvuma nje hata barabarani. Baada ya muda wa saa moja au zaidi kidogo, chai huingizwa katika hewa ya moto ya digrii zaidi ya 100, vimeng'enya vikafa, na kazi ikasimama. Sehemu ya harufu hupotea hapo pamoja na mvuke. Mpita njia aliyefurahi barabarani amenusa bure mali ya wakulima.

Mitambo hiyo yenye meno, itumikayo karibu katika viwanda vyote vya Kenya, imekusudiwa kutoa chai nyekundu, yenye nguvu, inayotoa rangi upesi katika maji. Chai yetu hununuliwa zaidi kwa rangi na ukali wake kuliko kwa harufu yake, na hilo si la kufichwa. Chai inayoviringishwa polepole kwa namna ya zamani, bila kuchanwa, huwa na harufu zaidi, na baadhi ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA vimeanza kutengeneza ya namna hiyo pia. Lakini hata katika chai ya meno, vikombe viwili vyenye rangi moja havipati bei moja ikiwa kimoja kinanukia maua na kingine kinanukia nyasi.

Mbegu nayo ina sehemu yake. Michai mingi ya Kericho na Bomet asili yake ni ile ya Assam, India, yenye majani mapana, na mchai wa Assam una linaloli nyingi. Mchai wa China wenye majani madogo una zaidi kemikali nyingine, jeranioli, yenye harufu ya waridi. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na tangu wakulima Waafrika wenye mashamba madogo walipoanza kusaidiwa kuilima katika miaka ya 1950, michai imechaguliwa na kuchaguliwa tena. Wakulima wa huku waijua ile iitwayo 6/8, inayosifiwa kwa uzuri wa kikombe, na ile iitwayo 31/8, inayosifiwa kwa uzito wa mavuno. Mtu hupanda apendacho, lakini na ajue amepanda nini.

Tena baridi ya huku juu ni msaada. Mogogosiek imo zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, na jani linalokua polepole kwenye baridi huwa na harufu nzuri kuliko linalokua upesi mahali pa joto. Hata mdudu aweza kuwa msaidizi. Katika kisiwa cha Taiwan kuna chai ya thamani kubwa ambayo haitengenezwi mpaka kwanza mdudu mdogo wa kijani aiumeume. Mchai ukiumwa hutengeneza kwa wingi linaloli na vitu vya jamaa yake, na mnywaji husikia harufu ya asali. Bwana Shamba wa hapa hatawashauri mfuge wadudu. Lakini habari hiyo yaonyesha kwamba kwa mmea harufu ni silaha na lugha, haikuwekwa kwa ajili yetu.

Hatari iko wapi? Iko katika gunia.

Tulisema kwamba ufunguo unaipata kufuli kuta zikivunjika. Ufunguo hauulizi kama kuta zimevunjwa na mtambo wa kiwanda au na goti la mtu anayeshindilia majani ili gunia moja libebe mzigo wa mawili. Jani lililopondwa saa nne asubuhi limeanza kazi yake saa nne, na linaloli inaruka hewani njiani, wala hairudi. Tena majani yaliyoshindiliwa hupata moto. Jani bado linapumua, na pumzi yake ni joto. Weka mkono katikati ya gunia lililokaa juani kituoni tangu asubuhi, utasikia. Majani ya ndani huanza kuwa mekundu kabla ya kukiona kiwanda, na wekundu huo haufanani na ule wa kiwandani, maana umekuja pasipo kipimo. Karani akiyakataa majani ya namna hiyo, wakati mwingine huonekana ni mtu mkali. Lakini kilo chache zilizoharibika zikiingia katika birika moja na majani ya jirani, hapana tena awezaye kuzitenga.

Basi majani yachukuliwe katika vikapu vinavyopitisha hewa, au katika mifuko iliyolegea, yawekwe kivulini, nayo yafike siku ile ile. Lawama si ya mchumaji peke yake. Barabara ikiharibiwa na mvua, lori likachelewa mpaka usiku, majani yaliyochumwa vizuri huharibika vile vile, na mkulima hana la kufanya ila kungoja na kuyageuza kwa mkono.

Jambo la pili ni uchumaji. Majani mawili na chipukizi: maneno haya yamesemwa mara nyingi hata masikio yamechoka nayo, lakini wachache wameelezwa sababu. Jani changa lina vitu vingi vinavyotakiwa. Jani kuukuu, gumu, lina mafuta zaidi ya namna ambayo, jani likipondwa, huvunjika na kuwa kemikali zenye harufu ya nyasi iliyokatwa. Kidogo cha harufu hiyo chafaa katika chai, lakini ikizidi huifunika linaloli, kama ngoma inavyofunika zeze. Profesa Philip Okinda Owuor na wenzake, waliofanya kazi hii kwa miaka mingi katika utafiti wa chai Kericho, walipima makundi haya mawili, la nyasi na la maua, wakalinganisha moja na jingine. Waliona kwamba uchumaji wa majani mengi makuukuu huongeza kundi la nyasi. Mashine za kuchumia, ambazo hukata bila kuchagua, zina hatari hiyo hiyo.

Waliona pia jambo ambalo wengi hawalitazamii: mbolea ya naitrojini ikizidishwa, shamba hunawiri, kilo huongezeka, lakini harufu hushuka. Mkulima anayemwaga mifuko kupita kipimo alichoagizwa anaona kijani cha kupendeza, na anadhani anaona faida. Anayoyaona ni majani. Mbolea yenyewe si adui, maana bila hiyo shamba hudhoofika; kinachoharibu ni kuzidisha.

Tusiwadanganye wasomaji, tukasema kwamba mwenye kuchuma vizuri atatajirika kesho. Chai ya Mogogosiek huuzwa zaidi katika mnada wa Mombasa. Huko mwonjaji hupima chai kidogo, akaimwagia maji ya moto, akangoja dakika chache, akainamia majani yaliyolowa na kuyanusa, kisha akavuta kijiko kimoja kwa mlio mkubwa na kukitema. Kwa pumzi hiyo moja huamua. Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wa magharibi ya Bonde la Ufa, wakiwamo wa Bomet na Kericho, wamelalamika kwa uchungu kwamba bonasi yao ya mwaka ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Tofauti ya bei mnadani ni ya kweli. Sababu zake zinabishaniwa: ubora wa majani, gharama za viwanda, madeni, uendeshaji, wanunuzi. Si haki kumwambia mkulima kwamba yote ni makosa ya mkono wake, wakati hesabu za kiwanda hazimo mkononi mwake. Anayo haki ya kuziuliza katika mkutano wa wenye hisa, na ataziuliza kwa nguvu zaidi akiwa majani yake hayana dosari. Katika sababu hizo zote, gunia ndilo pekee analolishika mwenyewe kila siku.

Neno moja kwa wale wanywao tu, wa shambani na wa mjini. Linaloli hutoka na mvuke. Majani yakichemshwa katika sufuria wazi kwa muda mrefu, jikoni hunukia vizuri na kikombe hubaki na rangi na uchungu. Anayependa harufu na achemshe maji na maziwa kwanza, atie majani mwishoni, afunike, aepue. Maziwa hayadhuru kama wengine wasemavyo. Yana mafuta, na linaloli hupenda mafuta, kwa hiyo sehemu yake hushikwa humo na kutoka polepole zaidi.

Majani makavu nayo yawekwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na mafuta ya taa na vitunguu. Chai iliyokauka hunyonya harufu yoyote iliyo karibu. Katika maduka mengi madogo hupangwa rafu moja na sabuni za kuogea, na mnunuzi akifika nyumbani hulalamika kwamba chai yake inanukia sabuni. Huenda ni linaloli ile ile, iliyotoka katika sabuni ikaingia katika majani.